Mama Alipopeleleza Posa

Asubuhi tuliyompeleka mama kuangalia nyumba ya kwanza ya wazee, yeye alidhani tunakwenda kupeleleza posa, na mimi sikumsahihisha. Alitoka chumbani akanikuta nimevaa vizuri, akamwona na mdogo wangu wa kiume amekuja siku isiyokuwa Ijumaa, gari imewashwa nje, basi akajumlisha mwenyewe.

"Ya nani hii?" aliniuliza, huku akitafuta buibui lake.

"Tutaiona huko huko, mama."

Hilo halikuwa jibu, lakini lilimtosha. Alijifukiza udi, akapanda gari mbele, akamwambia mwanawe asiende mbio, kwa sababu watu wanaokwenda kupeleleza posa hawafiki wakihema.

Lazima nieleze. Watu wetu waliokuja Maskati kutoka Unguja waliacha kule nyumba zao na vyombo vyao, lakini desturi zao walikuja nazo zote, na hii ilikuwa mojawapo. Mtoto wa kike akiletewa posa, haijibiwi mpaka nyumba ya mwanamume ipelelezwe na mtu mzima mwenye macho. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mama. Tangu tulipokuwa tukikaa mtaa wa Hamriya, mimi mtoto, nilikuwa nikiwaona akina mama wakija kwetu kumnong'oneza, na kesho yake mama anavaa anakwenda kugonga mlango wa watu asiowajua. Mara amepotea njia, mara anaulizia mshonaji. Akikaribishwa aombe maji ya kunywa, kisha aombe kutia udhu ili apate kukiona choo. Akirudi, watu walisubiri neno lake.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliisema mpaka tukaichoka. "Usiangalie pazia. Pazia hununuliwa jana. Muangalie mzee wa nyumba. Bibi yao kama kakalishwa pembeni na kanga chafu, basi na mwanao ndipo atakapokuja kukaa." Aliwahi kuirudisha posa ya kijana mwenye cheo kikubwa serikalini kwa sababu bibi yake alikuwa na kucha ndefu. Baba wa msichana alinuna mwaka mzima. Mama hakujali.

Sasa mpelelezi mwenyewe alikuwa amezeeka, na kumbukumbu zake zilikuwa zikitoka moja moja. Kilichotangulia kutoka ni Kiarabu. Alikisoma ukubwani, hapa hapa mjini, sokoni na kwa majirani, na siku moja jirani alimwamkia mlangoni, mama akamtazama tu. Akabaki na Kiswahili cha ujana wake. Tulikuwa na dada wa kazi kutoka Tanzania aliyekaa nasi mpaka akawa mtu wa nyumbani, lakini naye alikuwa na mama yake, na mama yake akaugua, akarudi kwao. Waliomfuata walikuwa watu wema waliotoka nchi nyingine. Mama alisema nao kutwa, wao wakamchekea. Ndiyo yakawa mazungumzo yake yote, mimi nikiwa sipo.

Kisha tukaanguka bafuni, mimi na yeye. Nilikuwa nimemshika, sabuni ikaniponza, nikaenda chini, naye akaja juu yangu. Hakuumia hata kidogo. Alikaa juu ya tumbo langu akanitazama kwa huruma, akasema, "Nani kakuangusha, mwanangu?" Ningeweza kucheka laiti ningekuwa na pumzi. Tangu siku hiyo mgongo wangu si mgongo tena, na daktari alinambia wazi kwamba mama anahitaji watu wanaojua kumnyanyua mtu, tena zaidi ya mmoja.

Nilipomtajia mdogo wangu nyumba ya wazee, alinitazama kama niliyetaja kaburi. Namwelewa. Kwa masikio yetu neno hilo ni la kule Unguja, na kule lilikuwa na maana moja: nyumba ya wasio na mtu.

"Dada, wallah, sisi tupo. Watu watasemaje?"

"Hao watu waje wamuogeshe."

Mimi nina ulimi, najijua. Lakini yeye alikuwa akija kila Ijumaa na sahani ya halwa, ambayo mama amekatazwa kula, anambusu kichwa, anakunywa kahawa yangu, anaondoka na thawabu zake. Nilimpenda, na nilitamani kumpiga na ile sahani. Mwisho alikubali kwenda kuangalia tu. "Kuangalia tu," alirudia mara nyingi, mpaka nikamwambia nimesikia.

Watu sikuwaogopa. Niliogopa jambo moja: kwamba mama, siku akili yake itakapokuwa imetulia, atajua tumemleta wapi, atanitazama na kusema tumemtupa. Usingizi wangu ulikuwa umekwisha kwa ajili ya neno hilo ambalo hajalisema.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Marumaru, maua, msichana wa mapokezi aliyejipamba kama anakwenda harusini. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na mama aliingia. Aliomba maji, akaletewa chupa iliyofungwa. Aliomba choo, akapelekwa. Alipotoka alisimama katikati ya ukumbi na kunusa. Wazee walikuwa wamepangwa mbele ya televisheni, safi wote, kimya wote. Meneja alizungumza nami Kiingereza kizuri sana, juu ya kichwa cha mama, kama kwamba nimekuja na mwavuli.

"Hapa hawapiki," mama aliniambia garini. "Saa tano asubuhi, nyumba nzima haina harufu ya kitunguu. Na wale wazee hakuna anaegombana na mwenziwe. Irudisheni posa."

Mdogo wangu alifurahi. Ya pili nayo ilirudishwa, tena upesi, kwa sababu waliotupokea hawakumtolea mama salamu. Walimsalimu mdogo wangu. Mama alikaa kwenye kiti kama aliyepigwa gundi, hakuomba hata maji, na alipotoka alisema kwamba watu wanaowaruka wakubwa kwenye salamu watawaruka hata kwenye sahani.

"Unaona?" mdogo wangu alinambia tulipofika kwangu, Ghubra, mama ameshaingia ndani. "Mama hataki. Khalas, tuache."

"Mama hajakataa kukaa. Mama amekataa nyumba mbaya. Hayo mambo mawili."

"Aibu, dada."

"Basi mchukue wewe. Leo. Nguo zake nazifunga sasa hivi."

Hakuwa mtu mbaya. Mkewe anafanya kazi, yeye anafanya kazi, nyumba yao ina ngazi kutoka mlangoni. Alikaa kwenye ukingo wa baraza akiangalia viatu vyake, na mimi nikaona aibu kwa kumpigia kelele, lakini sikuomba radhi, kwa sababu nilikuwa sijamaliza kukasirika. Kisha akasema, "Ipo moja nimeisikia. Lakini haina maana kwa nje."

Kweli haikuwa na maana kwa nje. Ilikuwa villa ya zamani nyuma ya maduka ya mapazia, rangi imebabuka kwenye ukuta wa upande wa jua. Tulipofungua mlango wa gari tu, mama alisema, "Wanakaanga."

Aliyetufungulia alikuwa mwanamke wa makamo, ana sare ya kijani na uso mpana. Alimwona mama, akapiga goti nusu, hapo hapo kwenye baraza.

"Shikamoo, bibi."

Mama aliweka mkono juu ya kile kichwa akavuta "marahaba" ndefu, ya mtu aliyeikosa siku nyingi, kisha akageuka kunitazama. Mtazamo ule nilikuwa naujua tangu utotoni. Maana yake ni: kaa kimya, kazi imeanza.

Aliomba maji, yakaja kwenye gilasi. Aliomba choo, akakaa humo mpaka mdogo wangu akaingiwa na wasiwasi. Aliingia jikoni bila kukaribishwa akafunua sufuria. Kisha akaenda kutafuta mzee wa nyumba, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na akampata chini ya feni, bibi mmoja wa Kiomani amekaa na tasbihi. Bibi yule alimuuliza hali kwa Kiarabu. Mama hakuelewa, ila alimjibu "Alhamdulillah," na yule akasema "Alhamdulillah," na wakatosheka. Mama akamshika mkono, akazitazama kucha. Akamfunua mtandio kidogo, mbele yetu wote, na mdogo wangu akageuza uso ukutani. Nywele zilikuwa zimepakwa mafuta na kusukwa mabutu mawili, mistari imenyooka.

"Nani kakusuka?" mama aliuliza. Yule mwanamke wa sare alisema ni yeye. Anatoka Mwanza, alisema, na kule wadogo zake wote aliwasuka yeye.

Halafu ikawa karibu yaharibike yote. Mama alikaa ghafla kwenye ukingo wa kitanda kitupu, akafunga macho.

"Mie siwezi," alisema.

"Utaweza, bibi!" Yule mwanamke alimkamata mikono yote miwili. "Usikate tamaa. Taratibu tu. Haya, moja, mbili..."

"Hebu niachie! Nnakwambia siwezi, we wanivuta kama mbuzi wa Idi!"

Nikaona ndiyo haya sasa: Kiswahili kimepatikana na bado mama hasikilizwi. Nilimfokea yule mwanamke amwachie, nikamweleza kwa hasira ambayo hakustahili. Kwetu sisi mtu akisema siwezi, amekwambia anaumwa. Hawezi ni mgonjwa. Hata salamu zetu ndivyo zilivyo: fulani hajambo, fulani hawezi.

Yule mwanamke aliziba mdomo kwa mkono. "Jamani, nisamehe, bibi! Mimi nikajua umeshindwa."

Mama alifungua macho. "Nani kashindwa?"

"Hakuna, bibi."

"Wewe mtu wa wapi?"

"Mwanza, bibi."

"Huko kwenu hamuumwi?"

"Tunaumwa, bibi. Ila tunasema tunaumwa."

Mama alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama kasoro ya nchi nzima. Kisha akapiga kitanda kwa kiganja, akamwonesha pa kukaa. "Sema: bibi hawezi kichwa."

"Bibi hawezi kichwa."

"Sasa umejua. Nenda kaniletee maji mengine, kisha urudi. Yako mengi hujayajua."

Alipimwa, hakuwa na tatizo ila uchovu na jua. Alilala pale nusu saa, yule mwanamke amekaa chini kwenye zulia, mama akimsomesha Kiswahili kwa sauti ya usingizi. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Mama alikuwa anasema na mtu, na mtu anamjibu, na kosa likitokea anamrekebisha. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akirekebisha mtu. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha jikoni ili wasinione.

Tuliporudi, mdogo wangu aliendesha polepole bila kuambiwa. Mama alikuwa amekaa mbele, mkoba mapajani.

"Hii ikubalini," alisema. "Nyumba ina watu. Yule msichana hajui kusema, lakini ana adabu, ataelekea." Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu. "Sasa nambieni, anaolewa nani?"

Mdogo wangu alishika usukani kwa nguvu na kutazama mbele. Ningeweza kumdanganya mama. Angesahau kabla ya jioni, na kesho ningemdanganya upya. Lakini alikuwa ameifanya kazi yake vizuri, na sikuwahi kumwona mtu akimtuma kupeleleza bila ya kumwambia anaolewa nani.

"Ni wewe, mama," nikasema.

Hakugeuka. Taa ikawa kijani, gari ya nyuma ikatupigia honi, tukaondoka.

"Mie?"

"Wewe, mama. Ukakae pale. Mimi siwezi tena kukunyanyua."

Nilisema siwezi, na sijui mwenyewe nilikusudia ipi kati ya zile mbili.

"Na bwana nani?"

"Hakuna bwana, mama. Nyumba tu, na wale watu uliowaona."

"Hakuna bwana kabisa?"

"Kabisa."

"Alhamdulillah," mama alisema. "Nilishaanza kuogopa."

Mdogo wangu alicheka mpaka akalazimika kusimamisha gari kando ya barabara, na alipofuta macho niliona si kicheko chote. Mama alimngoja amalize. Kisha alinyoosha mkono nyuma, akakipapasa kiti mpaka akalipata goti langu.

"Mgongo wako umekwisha kwa ajili yangu," alisema. "Nnasahau, lakini nnaona. Mnadhani sioni."

Nililia, basi. Sioni haya kusema. Nililia kama mtoto kwenye kiti cha nyuma cha gari ya mdogo wangu, na uzito niliokuwa nao kifuani tangu ile siku ya bafuni ukashuka wote kwa mara moja.

"Lakini nna sharti," mama aliendelea, sauti imekuwa ile ya zamani. "Msinitoe kwa mlango wa uani. Mtoto wa watu hatolewi kimya kimya kama aliyeharibikiwa. Waiteni watu."

Watu! Wale wale ambao mdogo wangu alikuwa akiwaogopa. Tulikuwa tumepanga, kusema kweli, kumhamisha siku ya kazi, mtaa ukiwa mtupu, na tukiulizwa tuseme yuko kwenye matibabu. Nikamtazama mdogo wangu kwenye kioo. Jioni ile alikaa kwenye baraza yangu na simu, akawapigia mashangazi, mabinamu na majirani wa zamani, mmoja mmoja. Kwa wa mwanzo alizungukazunguka. Mpaka alipofika kwa shangazi yetu mkubwa, mwenye mdomo kuliko wote, nilimsikia akisema bila kumung'unya, "Nyumba ya wazee, shangazi. Kaichagua mwenyewe." Kisha akaondoa simu sikioni na kuiweka mbali kidogo, akangoja kelele ziishe, akarudia tena.

Siku ya kumhamisha hawakuja wote. Shangazi mkubwa hakuja, na mpaka leo kwenye harusi ananisalimu kwa ncha za vidole. Lakini waliokuja walijaa sebule. Walimpaka mama hina viganjani, wakamvalisha kanga mpya juu ya gauni la hariri, wakafukiza udi mpaka mdogo wangu akakohoa. Alipotoka mlango wa mbele, bibi mmoja tuliyekaa naye Hamriya alipiga kigelegele. Sote tulishtuka, kisha tukakipokea. Jirani wa Kihindi upande wa pili alifungua dirisha akapunga mkono. Mama alimpungia.

Kwenye mlango wa ile villa aliuondoa mkono wangu begani kwake, akampa mkono yule mwanamke wa Mwanza. Nilidhani nitaingia kumpangia nguo.

"Wenda wapi?" aliniuliza. "Rudi kwenu. Mama wa biharusi haji mpaka fungate ishe. Hujui?"

"Mimi ni mwanao, mama."

"Chakula leteni," akasema, akaingia ndani.

Basi tukaishika fungate. Mdogo wangu ndiye aliyepeleka sufuria kila jioni, akiziacha mlangoni kama mkwe. Si kila siku ilikuwa nzuri. Siku moja walinipigia simu kwamba mama amesimama getini na mkoba, anataka kwenda Hamriya kwenye nyumba ambayo ilishavunjwa, na kwamba ameitafuta njia kwa nusu asubuhi mpaka aliposhawishiwa kwenda kuonja mchuzi. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Yule mwanamke akaniambia kwenye simu, "Usije, mama. Bibi alikuwa hawezi moyo kidogo. Sasa hajambo." Nikavua viatu. Nikarudi kulala mchana kweupe, usingizi wa mtu mzima, na nilipoamka sikujua ni saa ngapi wala sikuwa na haja ya kujua. Sikuona hatia. Niliitafuta, maana niliizoea, nikaikosa, nikaenda kupika chai.

Fungate ilipokwisha nilikwenda peke yangu. Mama alikuwa amekaa chini ya feni na bibi wa tasbihi, nywele zake zimesukwa mabutu mawili. Alinitazama nikija kutoka mlangoni, na nikaona kwenye macho yake kwamba ananitafuta mahali pangu na hapaoni. Nilisimama. Yule mwanamke wa Mwanza akainama, akamuuliza taratibu, "Bibi, unamjua huyu?"

"Nitaacha kumjua?" mama alisema. "Mamangu huyu. Kanioza pazuri. Mpe kiti akae, kachoka."

Nikaletewa kiti, nikakaa.